Korongo taji anang'oa mahindi ya bustani yangu: nifanye nini bila kuvunja sheria?

Swali: Tunaishi Trans Nzoia, karibu na kinamasi. Nyuma ya nyumba nina bustani ya robo ekari ya mahindi, maharagwe, njugu karanga na sukuma wiki. Kila msimu wa kupanda, makorongo wawili wenye taji hushuka asubuhi na kung'oa mahindi yanayochipua, na msimu uliopita nililazimika kurudia kupanda mara tatu. Sukuma wiki nayo inaliwa majani hadi inabaki vikonyo. Mama mkwe anasema nitie dawa kwenye mahindi niwatupie, jirani anasema tukamate vifaranga tuwafuge, na wengine wananiambia niende kuomba fidia ya serikali. Nimechoka, lakini sitaki kuingia matatani. Nifanye nini?

Jibu: Mama, nitaanza na yale yasiyoweza kungoja msimu mpya. Usichanganye sumu na mahindi kwa ajili ya ndege hawa, hata kidogo, na usikubali kifaranga akamatwe na kuletwa uani pako. Yote mawili ni makosa ya jinai chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na adhabu zake ni nzito kuliko thamani ya mahindi ya misimu mingi. Nitaeleza baadaye kwa nini nayapinga hata pasipokuwapo sheria. Kwanza nataka tulitazame tatizo lenyewe, kwa sababu uharibifu unaousimulia una chanzo mahususi na una kipindi kifupi, na ukikijua kipindi hicho utaweza kuivuna bustani yako huku ndege wakiendelea kuishi kwenye kinamasi chao.

Punje ya mahindi ikishaota hubaki ardhini ikiwa imeshikamana na mche. Kwa siku kadhaa mche huishi kwa akiba ya wanga iliyomo ndani ya punje hiyo, kabla mizizi na majani yake hayajaweza kuulisha. Hiyo akiba ndiyo anayoifuata korongo. Haji kula majani. Jani changa linalochomoza ni alama tu inayomwonyesha mahali punje ilipofukiwa, na kwa kuwa sisi hupanda kwa mistari, akishaupata mche mmoja amekwisha kuipata mingine yote. Huushika mche kwa mdomo, akauvuta polepole, akameza punje, akautupa mche kando, kisha akapiga hatua moja hadi shimo linalofuata. Ndege wawili wakiachwa peke yao kwa saa mbili za asubuhi wanaweza kufuta mistari kadhaa namna hiyo.

Lakini akiba ya punje haidumu. Mche unapofikisha majani matatu au manne yaliyofunguka vizuri, punje imebaki ganda, mizizi imeshika, na korongo hana tena cha kufaidi kwa kuung'oa. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na udongo wa huko mwezi wa Machi na Aprili bado una ubaridi, kwa hiyo mahindi huchukua wiki moja hadi moja na nusu kuchomoza, kisha wiki mbili hivi kufikia hatua hiyo ya usalama. Kwa hesabu hiyo, hatari yote hudumu karibu mwezi mmoja tangu siku ya kupanda, na makali yake yamo katika wiki mbili za kwanza baada ya mahindi kutokeza. Mwezi huo ndio unaopaswa kuwekewa nguvu zako zote. Miezi mingine yote ndege huyu akipita bustanini anatafuta panzi, viwavi, minyoo na mbegu za magugu, na hakuna sababu ya kumfukuza.

Kabla hujatumia senti kwa kinga yoyote, hakikisha kwamba mharibifu ni yeye. Inama kwenye mstari ulioharibiwa asubuhi, kabla jua halijakausha udongo, uangalie mambo matatu: mche ulivyo, shimo lilivyo na nyayo. Palipopita korongo utakuta mche umelala juu ya udongo ukiwa mzima, na mizizi yake midogo, lakini punje haipo. Shimo ni jembamba, kama lililotobolewa kwa kijiti. Na kando yake kuna unyayo mkubwa wenye vidole vitatu virefu vinavyoelekea mbele. Kunguru naye hung'oa mahindi kwa namna inayofanana sana, ila unyayo wake ni mdogo zaidi. Ukikuta shimo limefukuliwa kwa upana, udongo umerushwa nyuma na maganda ya punje yamebaki, huyo ni mnyama mwenye makucha, mara nyingi kidiri au panya. Na ukikuta shina limekatwa usawa wa ardhi huku punje ikiwa bado imo ndani ya udongo, fukua kidogo kwa kidole karibu na shina: utamkuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja, ambaye hukata miche usiku. Korongo hali usiku. Uharibifu wowote unaotokea kati ya magharibi na alfajiri si wake, na nimeona makorongo wakilaumiwa kwa kazi ya viwavi ambao wao wenyewe huwala.

Hili linanifikisha kwenye sukuma wiki yako. Majani kuliwa hadi vikonyo si tabia ya korongo taji. Chunguza saa nne asubuhi au alasiri: nina hakika kubwa utawakuta pasa, wale ndege wadogo wa rangi ya kijivu na kahawia, wenye kishungi kichwani na mkia mwembamba mrefu, wanaokuja kwa makundi na kuning'inia kwenye majani wakiyamega kingo. Hao dawa yao ni wavu. Kwa matuta machache ya mboga, simika vijiti vilivyopindwa kama upinde, tandika juu yake wavu mzito wenye matundu madogo uliokazwa vizuri, na kandokando uuzike chini ya udongo ili ndege asiingie akanaswa ndani. Wavu uliolegea ni hatari kwa ndege, nyoka, hata vifaranga vya kuku wako.

Sasa turudi kwa makorongo, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu kinga nzuri hutoka katika kumjua ndege mwenyewe. Korongo taji husimama karibu mita 1 kwenda juu, ana uzito wa kilo 3 hadi 4, na mabawa yake yakikunjuliwa hufikia takriban mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Ndege mwenye umbo hilo hawezi kuchomoka ghafla kutoka mahali palipobana. Anahitaji uwanja wa kutua, na anaporuka hutanguliza hatua chache za kukimbia. Pia hapendi kula mahali ambapo hawezi kuona mbali. Bustani iliyo wazi upande wa kinamasi, isiyo na ua, ambayo ndiyo kwanza imelimwa, ni mahali anapopapenda kuliko pote. Usiku hulala juu ya miti, jambo ambalo katika jamii ya makorongo duniani hufanywa na makorongo wenye taji peke yao, kwa kuwa wana kidole kirefu cha nyuma kinachoshika tawi. Hushuka jua likichomoza, hula kwa bidii saa za mwanzo za asubuhi, hupunguza mchana kukiwa na joto, hula tena alasiri, kisha hurudi mtini kabla ya giza. Ratiba hiyo haibadiliki sana, na ni ratiba inayokusaidia.

Hao wawili unaowaona kila mwaka inaelekea ni mume na mke wale wale. Makorongo taji huishi wawili wawili kwa miaka mingi, na wakati wa kuzaliana hulinda eneo lao dhidi ya makorongo wengine. Makundi makubwa unayoweza kuyaona kwenye mashamba yaliyovunwa huwa hasa ni ya ndege wachanga na wale wasio na kiota. Kwa hiyo wakati wa kupanda unashughulika na ndege wawili wenye mazoea, waliokwisha kujifunza kwamba bustani yako ina chakula rahisi mwezi wa Aprili. Mazoea yaliyojengwa yanaweza kuvunjwa, na ni rahisi zaidi kuwavunjia mazoea ndege wawili wanaojulikana kuliko kupigana na kundi la wageni.

Hatua ya kwanza haigharimu chochote: panda mahindi yako yote kwa siku moja au mbili. Bustani za nyumbani huharibiwa kuliko mashamba makubwa kwa sababu sisi wenye bustani hupanda kidogo kidogo, mistari mitano wiki hii, mitano wiki ijayo, na baada ya hapo tunarudia palipoliwa. Kwa korongo huo ni mlo usiokwisha, na kipindi cha hatari ambacho kingekuwa mwezi mmoja kinakuwa miezi mitatu. Vilevile jitahidi kupanda wakati mmoja na majirani zako. Mahindi yakichomoza kijiji kizima kwa pamoja, sehemu anayoweza kula ndege mmoja katika kila bustani ni ndogo. Anayetangulia peke yake au kuchelewa peke yake ndiye anayebeba mzigo wa wote. Hata kule kurudia mara tatu kwa msimu uliopita, naamini kulikuwa kunawaita tena.

Badala ya kurudia kupanda, tayarisha miche ya akiba. Siku ile ile unayopanda bustani, panda punje za ziada ndani ya mifuko midogo au makopo yaliyotobolewa chini, uyaweke karibu na jikoni ambako watu hupita na korongo hathubutu. Kwa nafasi ya kawaida ya sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, robo ekari nzima ya mahindi huwa na mashimo yapatayo 5,000, kwa hiyo huwezi kuatika yote, lakini miche mia chache ya kujazia mapengo inawezekana kabisa. Baada ya siku 10 hadi 14 tangu kuchomoza, ihamishe pamoja na udongo wake jioni ya siku yenye unyevu, bila kuvunja mizizi, na umwagilie. Miche hiyo itaingia bustanini punje yake ikiwa karibu kwisha, na umri wake utalingana na wa mahindi mengine, jambo ambalo hulipati ukipanda upya.

Panda kwa kina cha sentimita 5 kamili, na kama udongo wako ni mwepesi na hautuamishi maji unaweza kwenda sentimita 6 au 7, kisha ugandamize udongo kwa mguu juu ya shimo. Punje iliyo juu juu hutoka kwa mvuto mmoja. Iliyo chini na kukandamizwa hukatika shina kabla ya kutoka, na korongo akivuta mara kadhaa bila kupata kitu hupunguza hamu. Usizidishe kina hicho, maana katika udongo wenye baridi mbegu itaoza. Punje zilizomwagika juu ya udongo uziokote zote. Mbegu ya dukani huwa imepakwa rangi kwa sababu ina dawa ya kuvu au ya wadudu, na ni hatari kwa ndege na kwa kuku vilevile.

Kinga ninayoiamini kuliko zote kwa bustani ya ukubwa wako ni kamba. Simika vigingi kila baada ya mita 3 kuzunguka bustani, ufunge kamba mbili, moja usawa wa goti na nyingine usawa wa kiuno. Kisha upitishe kamba nyingine juu ya bustani kutoka upande mmoja hadi wa pili, kila baada ya mita 2 au 3. Kwenye kamba hizo funga vipande vya kitambaa cheupe au vya gunia la plastiki vinavyopepea. Ndege anayetembea kwa miguu mirefu hukutana na kamba kifuani, na anayetaka kutua huona uwanja umekatwakatwa. Tumia kamba nene ya katani inayoonekana vizuri. Tafadhali sana, usitumie nyuzi za nailoni, nyavu kuukuu za kuvulia samaki wala waya mwembamba, kwa maana mguu wa korongo ni mrefu na mwembamba, ukinaswa huvunjika, na korongo mwenye mguu uliovunjika hafiki mbali. Mahindi yakifikisha majani manne, ondoa kamba zote uzihifadhi. Sababu si kuzitunza kamba tu: kitu kikikaa bustanini mwaka mzima ndege hukizoea, na mwakani hakitamtisha.

Kwa sababu hiyo hiyo sitegemei sana sanamu za mtu. Sanamu iliyosimama mahali pamoja kwa siku nne au tano huwa mti tu machoni pa korongo. Ukiitumia, isogeze kila jioni, uibadilishe nguo, na mara mojamoja mtu wa kweli asimame mahali pake. Mlinzi wa kweli ni mtu, na kwa kuwa ratiba ya ndege tunaijua, hahitajiki kutwa nzima: saa mbili au tatu tangu kupambazuka na saa mbili kabla ya magharibi, kwa wiki mbili za makali. Likizo ya Aprili huangukia karibu na kipindi hicho, na watoto wakielekezwa wanaweza kupokezana kwa zamu. Wapige makofi, wagonge bati, watembee kuelekea walipo ndege. Wasirushe mawe wala kutumia manati. Muhimu ni kuwaondoa kabla hawajala mche wa kwanza, kwa maana ndege aliyefukuzwa baada ya kushiba ameshajifunza kwamba kurudi kuna faida.

Utashauriwa mengi mengine. Pilipili inayopakwa kwenye mbegu haifai kitu hapa: ukali wa pilipili hauhisiwi na ndege kama unavyohisiwa na tembo, panya au sisi wanadamu, na ndege wengi hula pilipili na kueneza mbegu zake. Mafuta ya taa na dizeli huiua mbegu yenyewe. Huko Wisconsin, Marekani, ambako wakulima wanasumbuliwa na aina nyingine ya korongo kwa namna hii hii ya kung'oa mahindi machanga, mbegu hupakwa kemikali iitwayo anthrakwinoni, ambayo haimuui ndege bali humchukiza. Akionja huziacha punje na kuendelea kula wadudu katika shamba lile lile. Ulizia kwenye duka la pembejeo au kwa afisa wa kilimo kama kuna bidhaa ya aina hiyo iliyosajiliwa nchini, na kama haipo usimkubali mtu akutengenezee mchanganyiko wake. Mfano huo nimeutaja kwa sababu unathibitisha tulilosema: si lazima ndege aondoke bustanini, inatosha asiipate punje.

Karanga zina vipindi viwili vya hatari, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Zikipandwa, funika tuta kwa matawi ya miiba hadi zichomoze na kushika. Zikivunwa, usiziache zikauke juu ya ardhi bustanini. Zianike juu ya kichanja karibu na nyumba. Angalia pia mahali unapowatupia kuku mahindi. Ikiwa ni upande wa bustani ulio wazi kwa kinamasi, unawakaribisha makorongo kila asubuhi bila kujua. Lisha kuku karibu na mlango, na usiwape makorongo chakula kwa mkono hata kama wamekuwa wapole na watoto wanawapenda. Korongo aliyezoea watu ndiye anayekamatwa kwanza.

Kuhusu fidia, nitakuambia ukweli ili usipoteze nauli. Sheria ya 2013 inaruhusu fidia kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, lakini kwa wanyama walioorodheshwa tu, kama vile tembo, kiboko, nyati na pundamilia. Korongo taji hayumo katika orodha hiyo. Pamoja na hayo, nakushauri upeleke taarifa katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya iliyo karibu nawe, ukieleza tarehe, ukubwa wa eneo na idadi ya ndege, na ukipiga picha ya nyayo na miche iliyong'olewa. Naona si haki kwamba mzigo wa kumlinda ndege wa taifa zima uangukie bustani ya mama mmoja bila hata kuandikwa mahali, na malalamiko yasiyoandikwa hayawezi kubadilisha orodha wala sera.

Na mama mkwe? Mheshimu, lakini mweleze hili kwa utulivu, akiwapo mzee mwingine ikibidi. Sumu iliyotupwa bustanini haimjui korongo. Itaokotwa na kuku, na njiwa, na mbwa atakayemla njiwa, na mvua ya Aprili itaisukuma hadi kwenye mto mnakochota maji. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, kule Busia, dawa ya kuua wadudu iitwayo kabofurani imetumiwa kwa miaka mingi kuwategea ndege sumu, na nyama ya ndege hao imeuzwa na kuliwa na watu. Sitaki jambo la namna hiyo lianze kijijini kwenu kwa sababu ya mistari michache ya mahindi ambayo kamba na walinzi wa wiki mbili wangeiokoa.

Kuhusu ushauri wa jirani wa kukamata vifaranga, angalia yaliyotokea Rwanda. Kufuga makorongo nyumbani na hotelini kulikuwa kumeenea huko hadi ndege wakaadimika mabondeni. Tangu 2014 serikali na wahifadhi wakawataka wenye makorongo wawasalimishe bila kushtakiwa, na zaidi ya mia mbili wakatolewa. Wengi walirudishwa porini, lakini wapo waliokuwa wamevunjwa au kukatwa mabawa wasiweze kuruka tena, nao wanatunzwa hadi leo katika kijiji cha makorongo kilichojengwa Kigali. Kifaranga anayekamatwa kwenye kinamasi chenu anaelekea huko huko.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu ndege huyu anatuishia mikononi. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilimweka mwaka 2012 katika daraja la spishi zilizo hatarini kutoweka, baada ya idadi yake barani kupungua kwa zaidi ya nusu katika muda usiozidi nusu karne. Kenya, Uganda, ambayo imemweka katikati ya bendera yake, na Tanzania ndizo zenye sehemu kubwa ya waliobaki. Hutaga mayai mawili au matatu kwa kawaida, hutamia kwa takriban siku 28 hadi 31, na vifaranga hawawezi kuruka hadi wafikie miezi miwili au mitatu. Katika muda wote huo wanategemea matete na mafunjo yaliyosimama majini. Kinamasi kikikaushwa, kikilimwa au kuchomwa mara moja tu wakati usiofaa, uzao wa mwaka mzima umekwenda.

Ndiyo maana nakuomba pia utazame mpaka wa bustani yako upande wa maji. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza kulima ndani ya ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka ukingo wa mto, kulingana na upana wake, na bustani nyingi katika eneo lenu zimekwisha kuuvuka ukanda huo bila wenyewe kujua. Ukirudi nyuma na kuyaacha matete na nyasi ndefu ziote hapo, utapata mambo mawili kwa pamoja: makorongo watabaki na mahali pa kulisha vifaranga wao, na bustani yako itapata ukingo mrefu unaowazibia njia ya kutembea moja kwa moja kutoka majini hadi kwenye mistari ya mahindi. Ongeza ua wa matete makavu au wa miti ya kienyeji, wa kimo cha mita 1 na nusu. Huo utakufaa kila mwaka bila kuuondoa, kwa kuwa ukuta wa mimea haumtishi ndege, unamzuia tu.

Hamko peke yenu katika jambo hili. Hapo hapo Trans Nzoia, karibu na Mbuga ya Taifa ya kinamasi cha Saiwa, wanakijiji wa Kipsaina waliunda kikundi cha kuwalinda makorongo na vinamasi vyao, wakapanda miti na kufundisha shuleni, nao ni wakulima wa mahindi kama wewe. Mtu wa aina hiyo akija kukuonyesha namna anavyofunga kamba zake, utajifunza kwa saa moja kuliko kwa barua yangu yote, na jirani yako anayetaka vifaranga naye awepo asikie.

Mwisho, kuhusu kiota. Ukipita ukingoni ukaona jukwaa la nyasi zilizolazwa juu ya maji katikati ya matete, na ndege mmoja amelala hapo huku mwingine amesimama kando, rudi ulikotoka bila kukaribia. Usiwaonyeshe watoto mahali hapo. Mwambie mzee wa kijiji au afisa wa wanyamapori peke yake. Katika majuma ya kutamia na miezi ile ya vifaranga wasioweza kuruka, mbwa wako afungwe asubuhi na jioni, kwa sababu mbwa anayebweka bustanini anakusaidia, bali mbwa anayewafuata hadi kwenye matete humaliza vifaranga kabla hujamwita. Na kwa kuwa msimu wa kupanda unaanza na mvua za mwishoni mwa Machi, nunua kamba za katani na ukate vigingi mwezi wa Februari, ili siku ya kupanda kila kitu kiwe tayari kimesimama kabla mche wa kwanza haujachomoza.